Hina ya Zuhura na Ndimu Nne

Harufu ya hina mbichi hunifanya nijione mkosaji mpaka leo. Juzi nilikuwa kwenye foleni ya maombi ya kazi, shahada yangu ya sheria ndani ya bahasha, akapita mwanamke ananukia harusi. Nikajikuta nimeificha mikono chini ya bahasha. Msinicheke; mikono yenyewe haikuwa na hata doa.

Miaka ya tisini tulikaa mtaa wa Kibokoni. Nilikuwa na miaka minane. Kwenye harusi ya binti ami yetu, dada yangu Zuhura alipakwa hina mikono yote miwili, maua mpaka kwenye vifundo. Jumatatu, siku ya mazoezi ya mtihani wa darasa la nane, sisi wadogo tukiwa likizo, mwalimu mkuu wa skuli yetu ya serikali alimrudisha nyumbani bila kumwuliza neno. Asionekane mpaka mikono iwe safi. Na mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake asubuhi.

Zuhura alisugua kwa sabuni ya mche, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa jiwe la miguu, machozi yakidondokea beseni. Mimi, ambaye tangu hapo sikuweza kuliacha jambo bila kulizunguka mara kumi, nikakumbuka kwamba mama akimaliza kuparua samaki hujisugua ndimu, na harufu yote huisha. Nikakamua ndimu nne.

"Mikono yangu si samaki, we mtoto," Zuhura alisema. Lakini akainyoosha.

Kila mwanamke wa mtaa ule alijua kwamba ndimu huikoleza hina. Sisi wawili tu ndio hatukujua. Kufika adhuhuri maua yalikuwa yameiva, mekundu ya kukaribia weusi. Mama alipoyaona hakunipiga. Alinifunga mtandio, akasema kwa upole ulionitisha kuliko kofi, "Twende skuli, mimi na wewe."

Njia nzima nilitunga maungamo. Nianze na ndimu au nianze na samaki? Na je, mtoto wa miaka minane hufungwa?

Ofisini waliamkiana kirefu, wakaulizana hali za watu wote wa nyumbani. Kisha mwalimu mkuu akasema sheria ya skuli haina mjadala.

"Mwalimu, sikuja kukuvunjia heshima," mama alisema. "Naomba nionyeshwe ilipoandikwa."

Mwalimu mkuu alifungua faili, akaifunga. Akavuta droo. Mwishowe akatoa karatasi ya kanuni wanayopewa wazazi. Mama aliipokea, na bila kuitupia jicho akaitia mkononi mwangu.

"Soma."

Nikasoma viatu vyeusi. Nikasoma sweta, kucha, kuchelewa. Nikasoma mpaka kwenye muhuri. Hina haikuwemo. Mwalimu mkuu aliitazama karatasi yake kama mgeni, kisha akasema Zuhura aje kesho.

Kwa miaka mingi niliamini kule kusoma ndiko kulikuwa adhabu yangu ya ndimu. Nilikuwa chuo kikuu, mhadhiri akieleza kwamba mtu asihukumiwe kwa sheria asiyoweza kuonyeshwa, ndipo kalamu ikanisimama mkononi. Mama alisoma chuo cha Kurani tu, kwa maalimu. Herufi alizozijua ni za Kiarabu. Barua zote za skuli alisomewa na Zuhura.

Siku ile msomaji wa nyumba yetu alikuwa amefukuzwa, na mama akamchukua aliyebaki.