Marahaba ya Nchi Nzima

Kama hujawahi kufika Dongobesh, kwetu Mbulu, siku ya mnada, basi hujui Tomaso Tluway alikuwa nani, na mimi nitakuambia bila kuongeza chumvi, maana huyu mtu ameshatiwa chumvi ya kutosha. Alikuwa mtu wa kipaza sauti. Mbuzi akipotea Bashay, Tomaso ndiye aliyetangaza. Chanjo ya kuku, mkutano wa kijiji, mabati mapya dukani kwa Abdulrahim, msiba, vyote vilipita mdomoni mwake kabla ya kufika masikioni mwa watu.

Ng'ombe alikuwa nao wachache, tena wamekonda. Alichokuwa nacho ni heshima, na alijua kwamba hana kingine. Akipita barabarani vijana walipunguza mwendo wa pikipiki, shikamoo mzee Tomaso, naye akaitikia marahaba wanangu, akaenda zake kifua mbele. Mtu wa miaka hamsini na nane anayeitikia marahaba kutwa nzima haulizi kama ameishi vizuri.

Kiswahili alifundishwa na Mwalimu Saumu, mwanamke wa Kondoa aliyepangiwa kazi huku akiwa binti, akastaafu hukuhuku. Tomaso aliingia darasa la kwanza akijua Kiiraqw tu, na neno la kwanza ambalo mwalimu alimtia mdomoni ni shikamoo. Akamfundisha na jambo jingine: ukisema na watu usiowaona, salimu, maana hukosi mkubwa wako kati yao. Ndiyo maana kila akishika kipaza alianza na "Shikamooni wazee wangu," hata kama mbele yake wapo wauza nyanya watupu. Mnada ukiisha alipitia kwa mwalimu, ambaye macho yalikuwa yanafifia lakini masikio yalikuwa mazima, na mama huyo alikuwa amemsikiliza tangu asubuhi akiwa nyumbani kwake. Eti, leo umesema ng'ombe imepotea. Amepotea, Tomaso. Tomaso alicheka na kuahidi kujirekebisha, na wiki inayofuata alikosea vilevile.

Basi ikaja kampuni. Kampuni kubwa ya Dar, ina sabuni ya unga, na jina lake silitaji kwa kuwa mimi sitangazi bure. Alikuja afisa masoko anaitwa Irene, binti mwenye adabu, siwezi kumsingizia, pamoja na kijana wa kamera. Irene alieleza kwamba mambo ya redio na kupaka rangi kuta za maduka yamepitwa na wakati, sasa matangazo yote yako mtandaoni, na wakubwa wake wanataka mtu halisi wa kijijini, siyo msanii. Abdulrahim, mwenye duka la jumla, akamwonyesha Tomaso. Tomaso akavalishwa fulana ya kijani, akasimamishwa mbele ya kamera, akauliza ni nani watakaomtazama.

"Nchi nzima, mzee wangu," Irene akamjibu.

Nchi nzima! Humo hakosi mtu wa miaka themanini, hakosi mama wa watu, hakosi askofu na shehe. Tomaso akavua kofia, akainama kidogo, na kwa lafudhi yake ya Kiiraqw inayotokea kooni kabisa akasema, "Shikamooni." Kisha ndiyo akaisifu sabuni, kwamba inatoa uchafu wa leo na ule wa jana.

Jamani. Video iliporushwa, mtu wa kwanza kuandika chini yake alikuwa kijana sijui wa wapi, kwenye picha kavaa miwani ya jua, ndevu hana. Kaandika: marahaba, mjukuu wangu. Wakaja wa pili, wa mia, wa elfu, watoto ambao hata kunawa uso wanakumbushwa na mama zao, wote marahaba, marahaba babu, marahaba hujambo. Mwingine akaikata ile salamu, akaiwekea ngoma, watu wakawa wanaichezea kwenye harusi. Tomaso ana simu ya tochi, hakujua lolote mpaka Abdulrahim alipomwita ndani akamwonyesha kwenye simu yake. Tomaso alimwomba amsomee walichoandika. Abdulrahim akasoma kama matatu hivi, kisha akasema bando limeisha.

Siku hiyohiyo Irene alipiga simu amejaa furaha. Alisema tangazo limefanya kazi, limewapita hata washindani wao, na ofisini wote wanamjua Tomaso kwa jina. Tomaso alimsubiri amalize, akamwomba waiondoe.

"Mzee wangu, mbona watu wanakupenda?"

"Hawanipendi, mwanangu. Wananiitikia."

Irene hakuelewa, na sijui kama hadi leo ameelewa. Akasema atafikisha kwa wakubwa.

Sasa utaniuliza, je, hilo tangazo lilifanya kazi kweli? Nenda stoo kwa Abdulrahim ukaangalie. Katoni zilipangwa mpaka karibu na dari. Watu walikuja, tena wengi, wakaulizia sabuni ya marahaba, wakapiga picha na pakiti, wakacheka mpaka machozi, kisha wakanunua sabuni ya mche waliyoizoea wakaenda zao. Mwisho hata Dar waliliona hilo. Walikaa kikao, wakasema video imependwa ila sabuni haijapendwa, wakaifuta kwenye ukurasa wao na kumchukua mchekeshaji wa mjini. Lakini maji yakimwagika hayazoleki, video imeshalala kwenye simu za watu. Kampuni kubwa ikikosea hubadilisha tangazo. Tomaso angebadilisha nini?

Maana huku mnadani mambo yalikuwa yameharibika. Akishika kipaza, akisema tu shikamooni, upande wa bodaboda wanaitikia kwa pamoja, marahabaaa. Mwanzoni alicheka nao. Mtu akitaniwa na mwenzake acheke, ndivyo tulivyolelewa. Kisha akafariki mzee Gidamis, mtu mzima anayeheshimika, na mwanawe akaja mnadani ili msiba utangazwe. Tomaso akainua kipaza, akasema shikamooni wazee wangu, leo nina habari nzito. Kabla hajaitaja, wakaitikia: marahaba, mjukuu. Mnada mzima ukaangua kicheko, mpaka wauza mbuzi.

Yule mtoto wa marehemu hakugomba. Alikitoa kipaza mkononi mwa Tomaso taratibu, kama anavyopokewa mzigo mtu aliyechoka, akatangaza kifo cha baba yake mwenyewe. Watu wakanyamaza. Nakuambia, bora angempiga kofi. Wiki iliyofuata Tomaso alikuta mtu mwingine ameshika kipaza, akarudi nyumbani bila kuuliza.

Tangu hapo lile neno shikamoo likamkauka mdomoni. Mkewe, Bernadina, alimwona akivuka barabara ili asikutane na wazee. Akikosa pa kukwepea, alitikisa kichwa tu na kupita. Na wazee, ambao hawana habari za mitandao, wakaanza kunung'unika kwamba Tomaso amekuwa maarufu, sasa anajiona, salamu kwake ni mzigo. Vijana nao shikamoo hawampi tena. Akawa mtu asiyesalimu wala kusalimiwa, katika nchi hii ya Mbulu, ambako hata mtu mliyeshtakiana naye kwa ajili ya shamba unamsalimu kwanza ndipo mgombane. Bernadina alimsihi waende hata kwa padri. Akasema padri naye ana simu.

Mwalimu Saumu alikuwa anauliza mbona sauti ya Tomaso haisikiki siku hizi. Wakamdanganya ana mafua. Kisha akaugua, macho nayo yakazima kabisa, na akaagiza Tomaso aende akamsalimie kabla hajafa. Alisema hivyohivyo, akamsalimie.

Tomaso akavaa koti, akaenda. Mlango alifunguliwa na Raudha, mjukuu wa mwalimu, msichana wa sekondari. Raudha akampa shikamoo, tena nzuri tu, lakini mdomo wake ulicheza kidogo, na Tomaso hakujua kama ni huruma au ni kile kicheko. Akaingia. Mwalimu alikuwa amelala ubavu, ameelekeza uso mlangoni.

"Nani ameingia?"

Neno lilipanda mpaka kooni, Tomaso akafumbua mdomo. Akamsikia Raudha nyuma yake amezuia pumzi. Neno likakaa palepale, halikutoka.

"Nimeuliza, nani?"

Raudha alitaka kumtaja. Tomaso akamtikisia kichwa, asimtaje. Afadhali asijulikane kuliko kujulikana ameingia bila kusalimu.

Mwalimu akasubiri kidogo, kisha akageukia ukutani. "Watoto wa siku hizi, mtu anaingia kwa mgonjwa kimya kama mwizi. Raudha, mwambie atoke. Akajifunze salamu kwanza, ndipo arudi."

Tomaso hakungoja kuambiwa na Raudha. Kwa kuwa mwalimu alikuwa amekwisha kusema, Tomaso akatoka.