Niliandikiwa Chakula cha Wanaume

Daktari wa hospitali ya misheni alikuwa mgeni, hakujua kwetu nani anakula nini. Alinipapasa rovu, ule uvimbe wa shingoni, akasema tezi yangu imelegea, ndiyo maana nasikia baridi jua likiwaka, nywele zinaning'oka na siku zangu za mwezi zimepotea. Halafu akasema damu yangu ina sukari nyingi, na kwamba sukari hiyo ndiyo iliyomwua mtoto wangu wa kwanza tumboni. Nilipewa vidonge vya kumeza asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, nikapewa na miiko. Ndizi basi. Ugali, viazi, mihogo, uji, pombe, vyote basi.

"Sasa nitakula nini, daktari?"

"Mayai," akasema. "Nyama, hata ya mbuzi. Maziwa. Mboga za majani kwa wingi. Ukishika hayo, mama, utazaa."

Nilicheka, naye akadhani nimefurahi. Kwetu Ngara wakati ule mke wa mtu hakugusa yai, eti akila atakuwa tasa. Nyama ya mbuzi ndiyo usiseme. Mwanamke akiila ataota ndevu na kuwa mkaidi. Mbuzi tulimkatia majani sisi, tukampikia sisi, wakamla wanaume, na mifupa wakapewa mbwa. Mimi nilikuwa nimeandikiwa dawa kutoka kwenye sahani ya mume wangu.

Mume wangu alikuwa mkulima mpole asiye na maneno mengi. Tulipokuwa njiani kurudi Kanazi alisema jambo moja tu. "Utakula," alisema. "Mwenye nyumba ni mimi."

Nyumba ilikuwa yake kweli, ila kijiji kilikuwa cha kila mtu. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye migomba yetu, tukapangwa kando ya barabara mstari mmoja, mlango kwa mlango, kama watoto wa shule paredi. Huko kwenye migomba ya zamani ningekula mbuzi mzima asijue mtu, maana kila jiko lilijificha kivyake. Lakini katika kijiji cha ujamaa harufu ya supu ilipita milango yote kabla chungu hakijateremshwa. Siasa haikukusudia kunikomoa mimi, najua, lakini ilinikomoa.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya mama mkwe. Siku mume wangu alipochinja beberu na kunimegea nyama mbele ya mlango, mama yule alisimama uani kwake akatazama mpaka nilipomaliza kutafuna. Kisha akamwambia mwanawe kwa sauti ya majirani kusikia, "Nilikuoza mke, wewe umenigeuzia mwanamume."

Nilikula hivyo hivyo. Mayai ya kuchemsha, mchicha, nyama ikipatikana, na maziwa ambayo mume wangu alikuwa akiyafuata mbali kwa Wasukuma waliohamia upande wa Biharamulo na ng'ombe wao. Nilichoshwa na mayai mpaka nikiona kuku natamani kumpiga jiwe. Ila mwili ulipata joto. Nywele zilirudi, siku zangu zikarudi, nikaanza kumwota mtoto tena. Nilikuwa napona, na nilijua napona.

Mama mkwe hakuziona nywele za kichwani. Aliziona za kidevuni. Zilikuwa chache, nyeusi, ngumu, na zilinitoka kabla sijaonja yai hata moja. Daktari alisema ni homoni zimevurugika. Lakini zamani hakuna aliyekuwa na sababu ya kunitazama kidevu. Sasa wanawake wa kijiji walikuja mmoja mmoja kuomba moto na chumvi, macho yao yote hapa chini ya mdomo. Mama mkwe alikuwa na ushahidi. Ningemwambia nini? Homoni, kwa Kihangaza?

Halafu vita vikaja. Mume wangu alichukuliwa na mgambo wenzake, wakapandishwa lori, na magari yote yenye nguvu yakafuata njia hiyo hiyo ya vitani. Dukani chumvi iliisha, sabuni iliisha. Hospitalini waliniambia vidonge vyangu havijaletwa, nijaribu tena. Nilijaribu tena, na tena.

Mama mkwe alinijia na kapu la ndizi zilizokwisha kumenywa. Hakuketi. "Mwanangu yuko kwenye risasi," alisema, "na wewe unakaa hapa unakula kama yeye. Ukitaka akukute, utakula tunachokula sisi. Hutaki, njia ya Nyamiaga kwenu unaijua."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushitaki. Akaniambia wenzangu wa shamba la kijiji wamekwisha kulalamika kwamba nakataa muhogo wao, kana kwamba wameutia sumu. Nisimletee matata wakati wa vita.

Basi nikala. Sikuwa mjinga, nilijua ninachokimeza. Nilikula ndizi za kupondwa, nikala ugali wa muhogo na wenzangu shambani, wakiniangalia mkono unavyokwenda mdomoni. Nilitaka mume wangu anikute nyumbani, hilo tu. Rovu lilikua. Uso ulivimba, miguu ikavimba, ngozi ikakakamaa, sauti ikawa ya kukwaruza. Nilikojoa kutwa na kiu haikuisha. Siku zangu zikapotea tena. Mama mkwe alinitazama akasema afadhali, sasa nimenenepa kama mke wa mtu. Sijamsamehe, na simwombei.

Vita viliisha, wakaanza kurudi. Siku hiyo nilikuwa peke yangu uani, nimekaa kwenye mkeka napukuchua maharage. Nilimjua kwa mbali, kwa ule mwendo wake wa kuegemea upande. Nilitaka kuinuka nimkimbilie, miguu ikakataa.

Alikuwa amekonda na amezoea Kiswahili cha kambini. Alifika uani, akavua kofia, akainama kidogo kwa adabu.

"Shikamoo, mama," akasema. "Wenyeji wa hapa wamekwenda shamba?"

"Marahaba," nikamjibu.

Hakuitambua hata sauti. Alibaki amesimama pale, kofia mkononi, akingoja nimwitie mke wake.