Kobe wa Saba wa Verlin

Nauza wanyama wa kufuga hapa Dayton, na sijaona mbishi kama Verlin Stroud, fundi mstaafu wa viyoyozi. Kila akirudi kutoka likizo Florida huja na kobe wa maji wa kijani, mdogo kama kifuniko cha chupa, kutoka vibanda vya ufukweni. Muuzaji humwambia kobe hakui akiwekwa kwenye beseni dogo, na zee zima linaamini.

Nilimwonyesha kobe wangu mweusi. "Mzee Verlin, huyu hata akizeeka hazidi kiganja."

"Sura mbaya, tena ananuka. Wewe Marlys unataka kuuza tu."

Kila kobe wake alipofikia ukubwa wa sahani, alimtupa kwenye bwawa la bustani ya mtaa, akanunua mwingine. Keshatupa sita.

Jumapili nilimkuta hapo bwawani anakula hotidogi, wa saba yumo kwenye kikombe mfukoni. Vichwa sita vikaibuka majini vikamfuata ukingoni, maana kobe humjua aliyemlisha.

Verlin akawatazama, akakunja pua.

"Ona majitu haya," akaniambia. "Ndiyo maana mimi sifugi wakubwa."