Deli Tupu

Nilishuka Nyasho, mtaani kwetu, na deli la bluu mkononi, lile la kubebea vitu vya baridi, nikakuta uani kwetu kumejaa viti vya kukodi. Mama alikuwa amevaa kitenge kipya na begi la hospitali amekwisha kulifunga. Shangazi, aliyetoka kijijini Buswahili alfajiri, alilipokea deli kwa mikono miwili na kulipeleka kivulini taratibu, kama aliyepokea mtoto mchanga.

"Msilitikise," aliwaambia majirani. "Ini la mama yake huyu limo humo."

Kazi yangu, kwenye maabara Dar es Salaam, ni kuotesha seli za ini. Tunachukua damu ya mtu, tunazirudisha seli zake kwenye uchanga wake, ule wa kuweza kuwa chochote, kisha tunazilea wiki kadhaa mpaka zifanye kazi ya ini. Hukaa kwenye kisahani, chache hata hazijazi kijiko, nasi tunazijaribia dawa. Mama homa ya ini ilikuwa imemla kwa miaka. Kwenye simu nilimwambia, "Tunaotesha maini, mama, nakuja na deli." Niliishia hapo, kwa sababu nilimsikia anavyofurahi na ikanoga. Kanisa zima likapata habari.

Nilimvuta chumbani, nikamwambia deli ni tupu. Nimekuja kuchukua damu, sikuja kuleta kitu, na hakuna ajuaye ini la kumwekea mtu litapatikana lini. Nililia mimi kabla yake. Yeye alikaa kitandani akavua viatu.

"Kwa hiyo si langu."

"Labda la mtu mwingine, mama. Baadaye."

Alisaini fomu ya kukubali, akanyoosha mkono. "Basi chukua. Na uache kulia, mshipa utaukosa."

Jumapili alikwenda kanisani kwa mwendo wa kupumzikapumzika, na jogoo wa shukrani aliyekuwa ameahidi kumtoa. Alisimama mbele akasema deli lilikuwa tupu, mwanawe hakumdanganya mtu, ni yeye mama aliyemalizia maneno kwa furaha yake. Hakuna aliyecheka. Aibu ile ilikuwa yangu, na mama yangu mgonjwa aliibeba mbele za watu. Nitamshukuru mpaka nife.

Njiani nilimuuliza, "Mama, jogoo wa shukrani, na hujapona?"

"Wewe ulikuwaga unakuja kwa simu tu. Safari hii umekuja kwa miguu yako."

Seli hulishwa kila siku, hata Krismasi, na kwa miaka miwili hicho ndicho kilichokuwa kisingizio changu cha kutokuja. Wenzangu walikuwa tayari kunishikia zamu tangu mwanzo. Mimi ndiye ambaye sikuwahi kuwaomba.

Sasa nawaomba, na mama bado yupo wa kuendewa.