Kichupa Kitupu na Ndoo ya Buluu

Haya yalinifika mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Yalinifika mchana kweupe, siku ya Ijumaa, hapa Amu, mnapopaita Lamu, mtaa wa Langoni, na sikuwa na homa wala usingizi. Mkono wangu wa kulia ni shahidi, nitaueleza mbele. Waliosababisha nitawataja kwa majina, kwa sababu wao walipoondoka hawakuona haya kulitaja langu.

Mimi ni mtu wa Kizingitini, kisiwa cha Pate. Skuli nilikomea darasa la tatu, na chuo nilichosoma ni cha Kurani, si chuo kikuu. Nilikuja Amu kuolewa, mume akafa, nikawa nafua na kusafisha nyumba za watu. Ndipo watu wa chuo kikuu kimoja cha bara walipopanga nyumba Langoni wakaifanya maabara, na mimi wakaniandika kazi ya kupiga deki na kuosha vyombo.

Kazi yao ilikuwa punda. Ndiyo, punda, usicheke. Walitaka kujua punda wa Amu na punda wa Pate ni ndugu au si ndugu, wametoka wapi, wamegeuka vipi tangu enzi na dahari. Wanafunzi walikuwa wakizunguka kung'oa nywele za punda, nywele na shina lake, zikatiwa kwenye vichupa vidogo kama kidole cha mtoto, kila kimoja na jina la punda wake, zikasagwa, zikapitishwa kwenye mashine. Wanachotafuta wanakiita vinasaba. Neno hilo halikunitisha. Kwetu mtu huulizwa nasaba yake kabla hajapewa mke.

Mkuu wao alikuwa Daktari Mutiso, mtu wa bara, sauti laini, roho ngumu. Aliyeshika vichupa na kompyuta ni Shufaa binti Athman, msichana wa hapa hapa Langoni. Mama yake tulikuwa tukisuka makuti pamoja, na yeye akiniita Khala.

Wiki ya kwanza nilikuta mlango wa friji umeachwa wazi, nikamwita mkuu, "Daktari, ndoo uone!" Akaja mbio na ndoo, ile ya buluu ya chuo, akidhani bomba limepasuka. Shufaa alicheka mpaka akakaa chini. "Daktari, kwetu ndoo ni njoo!" Tangu siku hiyo ikawa ndio mzaha wa Daktari. Kila akinipita, "Mama, ndoo?" Nami namwonyesha ndoo. Miezi ikapita hivyo, mpaka neno hilo, nikiwa ndani ya nyumba ile, likawa na maana yao tu. Liweke akilini neno hili.

Sasa, kila siku walikuwa wakitia kichupa kimoja maji safi, bila nywele, bila chochote. Hicho nacho hupitishwa kwenye mashine. Kikitoka hakina kitu, kazi ya siku hiyo ni safi. Kikitoka na kitu, kuna mtu kachafua. Walikiita Mtupu.

Asubuhi moja Shufaa alikuwa akigombana na kompyuta. "Khala, mashine hii haikubali pahala pa jina pabaki wazi. Nipe jina lolote nimpe Mtupu, lakini lisiwe la punda."

Nilikuwa nasugua sinki. Nikasema, "Mwanakheri."

"Jina zuri. Ni nani?"

"Dada yangu. Alikufa maji Kizingitini, mimi nina miaka tisa."

Unadhani alisita? Alisita kidogo, kweli. Kisha akasema, "Maskini. Basi atatusaidia kazi," akaliandika.

Dada yangu alikuwa mkubwa wangu kwa miaka miwili. Tulikwenda kuokota chaza maji yametoka, mguu wake ukanasa kwenye mwamba, na maji yakarudi. Wazee waliniuliza, "Hakukuita?" Nikasema upepo ulikuwa mwingi, sikusikia. Maiti haikuonekana. Neno langu ndilo lililobaki.

Na Daktari Mutiso alikuwa na amri yake: kabla ya kazi, majina yote yasomwe kwa sauti. Mmoja asome kwenye kompyuta, mwengine atazame vichupa, aitikie. Wanafunzi walikuwa wakichelewa kuamka, kwa hiyo mwitikiaji nikawa mimi.

"Baraka?"

"Yupo."

"Simba?"

"Yupo."

"Mla Mikeka?"

"Yupo, na mwenyewe ana deni la mkeka wangu."

"Khala, usinichekeshe. Mwanakheri?"

"Yupo."

Niliitikia kwa mdomo wangu, mwezi na zaidi, maiti akiitwa kila asubuhi na mimi nikisema yupo. Niambie, wewe ungeitwa hivyo kila siku usingekuja?

Basi Mtupu akaanza kutoka na kitu. Na hakikuwa cha punda, kilikuwa cha binadamu. Daktari akamwaga maji, akatia mengine, akabadilisha vichupa. Kikatoka kile kile. Akanigeukia.

"Mama, ni wewe. Unashika vitu bila glavu."

"Wallahi sijavigusa, Daktari."

"Basi tema mate hapa tulinganishe. Ukikataa, kazi imekwisha."

Unajua sisi hatumpi mtu mate yetu hovyo, tusije tukarogwa. Nilitema. Ilikuwa Alhamisi.

Ijumaa adhuhuri wote walitoka. Daktari alikwenda kula, Shufaa kwao, wanafunzi sijui wapi. Nilitia komeo, nikashika tambara. Nilipofika ukumbini nikaona sakafu ina maji pahala ambapo sijapiga deki. Nyayo. Zimetoka kwenye friji ya vichupa, zimekwenda mpaka kwenye benchi wanapokaa wenye punda wakija kuandikisha punda wao.

Kwenye benchi amekaa mwanamke, buibui limelowa mpaka kifuani. Nilidhani ni mwenye punda kaingia kabla sijafunga. Nikasema, "Bi, leo Ijumaa. Wenye punda ni kesho."

"Sina punda. Nimeitwa."

"Na nani?"

"Nanyi. Naitwa kila siku, na mtu huitikia kuwa nipo." Akatazama vile vichupa, akanitazama mimi. "Nipo wapi?"

Hapo ndipo nilipomwona uso. Niamini, ulikuwa uso wangu. Si uso wa mtoto wa miaka kumi na moja. Alikuwa mtu mzima kama mimi, mikunjo ile ile, ila meno yake yote yamo. Amekua huko aliko. Hilo ndilo lililonitoa jasho kuliko kufa kwake.

Nikamwuliza alikujaje. Akasema, "Ndia naiyua," yaani njia anaijua. "Si nyinyi mulonionyesha?"

Akainuka. Akanyoosha mkono, kiganja juu, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa majini sana, akasema neno moja.

"Ndoo."

Nikainama, nikaitwaa ndoo ya buluu, nikampa.

Vidole vyetu viligusana kwenye mkono wa ndoo. Aliitazama ile ndoo. Akanitazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Hata leo?" akasema.

Nilifumba macho. Nilipofumbua benchi lilikuwa tupu na limelowa, komeo la mlango lipo vile vile, na ndoo haipo.

Jumamosi Daktari Mutiso akaniita mbele ya Shufaa. "Si wewe, Mama. Ni ndugu yako wa kike, baba mmoja mama mmoja. Umemwingiza nani humu?"

Nikasema sina ndugu wa kike ila mmoja, na Shufaa anajua yuko wapi. Nikamtazama Shufaa. Neno moja tu lingetosha. Akatazama kompyuta yake kama mtu anayesoma msahafu.

"Na ndoo ya chuo iko wapi?" akauliza Daktari.

Basi nikafukuzwa, nimeandikwa kuwa nimeingiza mtu na nimeiba ndoo. Langoni nzima wakaniita Bi Ndoo, na mpaka leo baadhi yao hawajaacha. Wiki ya pili shemeji yangu akanipigia simu kutoka Kizingitini. Wazamiaji wa kamba wameona ndoo ya buluu yenye herufi za chuo chini ya maji, imesimama wima kwenye ule mwamba. Hakuna aliyethubutu kuitoa.

Na mkono wangu? Tangu Ijumaa ile kiganja cha kulia hakikauki. Nakipangusa, kinatoka maji, na ukionja ni ya chumvi. Unga hunigandia. Simu haisomi kidole changu. Nilipokwenda kubadilisha kitambulisho karani alipangusa kile kidole mara tatu kisha akaniuliza, "Mama, umetoka kuoga baharini?" Nimesomewa, nimekunywa kombe, maji yaliyooshewa aya, mkono uko vile vile.

Watu wa maabara wamehama, wamerudi bara na vichupa vyao. Orodha wameichukua. Sina hakika kama wanalisoma lile jina mpaka sasa, wala sijui anayeitikia ni nani. Kama ni wewe, usiseme yupo. Na ukiombwa jina la kujaza pahala patupu, acha pabaki patupu, mashine na igome.

Wanaonihurumia husema Mungu alinistiri, nilisahau lugha ya kwetu nikadhani anataka ndoo. Nami huwaacha waseme. Lakini nimezaliwa Kizingitini, na siku ile kwenye mwamba hakukuwa na upepo. Aliniita kwa neno lile lile. Mara zote mbili nilisikia.