Modemu ya Zahanati ya Malambo

Juzi nilikuwa Malambo, kwenye zahanati ambayo modemu yake ilikuwa imegoma. Mama mmoja alisubiri majibu ya vipimo vya mwanawe yatumwe kutoka Karatu. Nikajitolea kuitengeneza.

“Kaka, andika kwanza amri ya msaada, ikuoneshe orodha ya amri zote na kazi zake,” muuguzi aliniambia kwa upole.

“Dada, haya nimeyazoea.”

Kwenye kompyuta ya zahanati nikaandika amri niliyodhani ni ya kuizima na kuiwasha tu, mipangilio yote ya modemu ikafutika. Mama akanitazama, akambeba mtoto mgongoni, akapanda lori la Karatu.

Muuguzi hakunilaumu. Aliisogeza kompyuta kwake, akaandika amri ya msaada, akaisoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, mpaka akapata amri ya kurudisha mipangilio. Majibu yaliingia mama akiwa njiani.

Mimi nilikuwa nje, najifanya kuongea na simu iliyoisha chaji tangu asubuhi.