Persis, Mzaliwa wa Migingo

Persis Nyanchama alipofikisha miaka kumi na minane, mama yake alimchinjia kuku na baba yake akamwambia aende akaombe kitambulisho. Kuku aliisha siku hiyohiyo. Kitambulisho ndicho kilicholeta maneno.

Nyumbani kwao ni karibu na Kebirigo, kwenye shamba dogo la majani chai, na hakuna jirani asiyejua kwamba msichana huyo alizaliwa kisiwani Migingo. Shuleni walimwita Mzozo. Mwalimu wa jiografia akifika kwenye Ziwa Viktoria, darasa zima humgeukia, naye huinuka kama balozi: kisiwa chenyewe ni mwamba tu, hakifiki nusu ekari, na mabati yamebanana mpaka ukipiga chafya jirani anakupa pole. Kenya inasema ni chake, Uganda inasema ni chake. Wako pia wanaosema mwamba ni wa Kenya, maji ni ya Uganda. Hayo yote aliyapata kwa mama yake, maana yeye alitolewa huko akiwa na wiki sita na hakurudi tena.

Naibu chifu, Mama Gladys, alimhoji pamoja na wazee watatu.

"Ulizaliwa wapi, mwanangu?"

"Migingo."

Gladys akaweka kalamu chini. "Hapa kwenye fomu wanataka wilaya."

"Ndiyo hiyo wanayogombania, madam."

Mzee mmoja, Jethro, aliyestaafu kazi ya kupima mashamba, alisogeza kiti. Alikuwa amesubiri swali la mipaka tangu astaafu. "Ulizaliwa mwambani au majini?"

Persis hakujua. Wazazi wake, waliokuwa wameketi nje, wakaitwa.

Mama yake, Nereah, ni mtu wa upande wa ziwa. Zamani hizo alikuwa na hoteli ya chai kule Migingo, na Mogire, mumewe, alikuwa akimpelekea ndizi za kuuza kutoka huku. Uchungu ulimshika wiki tatu kabla ya wakati, ziwa limechafuka, hakuna mashua iliyothubutu kutoka. Walikuja wanawake wawili kumsaidia: Bathsheba, Mganda aliyeuza vitenge, na Millicent, Mkenya aliyekaanga samaki.

"Bathsheba akasema, 'Huyu ni wetu!' Millicent akamuuliza, 'Wenu kwa lipi?' Nikawaambia, jamani, niacheni kwanza nimzae."

Wazee walicheka. Jethro hakucheka. "Ulilala juu ya nini, mama?"

"Majani ya migomba, mzee. Yale aliyofungia ndizi huyu bwana."

"Migomba ya wapi?"

"Ya kwangu, hapo nyuma ya nyumba," Mogire akajibu.

Jethro akapiga meza. "Basi alizaliwa Kebirigo! Madam, andika!"

Gladys alicheka hadi akajifuta macho kwa leso. Kisha akavichukua vitambulisho vya wazazi, akavitazama mbele na nyuma. "Mzee, hatuhitaji migomba. Katiba inasema mtoto wa Mkenya ni Mkenya, hata azaliwe mwezini." Penye wilaya akaandika Nyatike, ambako Kenya hukihesabia kisiwa, akapiga muhuri.

Persis alibaki amesimama. Wiki nzima alikuwa amejiandaa kujitetea, na kumbe ilikuwa dakika kumi tu.

"Mbona umenuna?" Jethro akamuuliza. "Ulitaka wakugombanie?"

"Kidogo tu, mzee."

Kitambulisho kilitoka baada ya miezi miwili. Desemba hiyo akamsumbua mama yake hadi wakaenda Muhuru, kando ya ziwa, wakapanda mashua ya injini. Persis alitapika mara mbili kabla ya kukiona kisiwa, na alipokiona alidhani ni rundo la mabati linaloelea.

Walipita vichochoroni upande upande, Nereah akihesabu milango, hadi akasimama. Palipokuwa na hoteli yake sasa pana saluni.

"Nilizaliwa hapa," Persis akamwambia msusi.

Msusi alimtazama kichwani, kisha miguuni. "Sawa, dada. Unasukwa au husukwi?"

Persis akaketi. Alisukwa mistari kwa saa mbili, pale pale, huku mama yake na msusi wakibishana jikoni palikuwa kona ipi.